Walisema ni Bandama

Kashikishi nzima iliujua mdomo wa Dorica. Wachuuzi waliokuja na malori kununua samaki walikuwa wakisukumana kabla ya kumkaribia, kila mmoja akitaka mwenzake atangulie, maana Dorica akiona mtu anamkunjia pua samaki wake alimvua nguo kwa maneno mbele ya soko zima. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi kwa moshi kuliko kwa kuzaliwa, na mikono yake ilijaa makovu ya miba. Miaka ile ya hamsini samaki wa mpumbu walikuwa wameanza kuadimika katika ziwa Mweru, na wanawake wengi wa chanja za kukaushia samaki walikuwa wakilialia. Dorica hakulia. Alikausha chochote kilichotoka majini, akakiuza, na ilipobidi akatukana.

Haya yanasemwa mapema ili mtu asije akadhani alikuwa wa kunyamaza. Wahenga wana msemo wao, mficha maradhi kifo humuumbua, na kwenye matanga watu huupenda mno msemo huo, kwa sababu unamtwika mfiwa lawama bila kumtaja jina. Basi ijulikane kwamba Dorica hakuficha maradhi. Alisema, akarudia, akapiga kelele. Kilichomshinda ni kwamba kila alichokitaja watu walikuwa tayari na jina lake.

Mumewe, Kapembwa, alikuwa mtu wa ng'ambo, upande wa Pweto, katika Kongo ya Wabelgiji. Alivuka ziwa kwa biashara ya samaki, akaoa, akabaki, kisha akamleta na mama yake mzazi, Mwaka. Ndiyo maana nje ya ule uwanja watu walisema Kibemba, na ndani yake kikasemwa Kiswahili cha Kongo, kile cha mutu na mutoto, na Dorica akakijua kama alichozaliwa nacho. Mkwe na mke wa mwana walipatana, jambo ambalo majirani walilishangaa. Mwaka alikuwa mwanamke mpole, mwenye mikono mikubwa yenye joto, na wazazi wa Kashikishi walimletea watoto wao wachanga awaogeshe, awakande, awafunge kamba.

Kamba yenyewe ilikuwa uzi wa nyavu uliosokotwa, ukazungushwa kiunoni mwa mtoto. Ilikuwa hirizi kidogo na kipimo zaidi. Ikibana, mtoto ananona. Ikilegea, mtoto anapungua, na mama yake anaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Mwaka ndiye aliyemfunga Chabu, mtoto wa Dorica, ya kwanza, na siku hiyo alilia kwa furaha, kwa kuwa kabla ya Chabu, Dorica alikuwa ameharibu mimba mbili, na ng'ambo walikwisha kuanza kumshauri Kapembwa atafute mke mwingine.

Chabu alikua vizuri. Alikuwa mtundu, mwizi wa samaki wa chanja, mwenye sauti ya mama yake. Alipokuwa anakaribia kutimiza miaka minne, kamba ilibana. Mwaka akaikata kwa wembe, akafunga nyingine ndefu zaidi, akapiga vigelegele hadi wanawake wa uwanja wa pili wakatoka kuuliza kuna nini.

"Mukuye muone!" aliwaita. "Kamba inabana! Mujukulu wangu anakula, batu! Anajaa!"

Haukupita muda ikabana tena. Wanawake wakamsifu Dorica kwa mapishi, na Dorica, ambaye hakuzoea kusifiwa, akajibu kwa dharau kama kawaida yake, lakini kichwa kilimvimba. Hilo baadaye hakujisamehe. Alikumbuka namna alivyokuwa akimsimamisha mtoto mbele ya watu na kumpandisha shati ili tumbo lionekane.

Asubuhi moja ya Jumapili alikuwa akimwogesha kwa ajili ya kanisa. Mkono wake wenye sabuni ukapita chini ya mbavu za kushoto na ukakwama. Palikuwa na kitu. Kilikuwa kigumu, juu yake laini, kikubwa kama ngumi ya mwanaume, kimejaza ubavu wote hadi karibu na kitovu. Akakigusa tena. Chabu akajikunja kwa kicheko.

"Inauma hapa?"

"Haiumi, mama. Unanitekenya!"

Dorica akamgeuza, akamtazama kwa mgongo, akamtazama kwa mbele. Upande mmoja wa tumbo ulikuwa umepanda kuliko mwingine, na mikono ya mtoto, hilo nalo akaliona siku hiyohiyo, ilikuwa imekonda. Kanisani hawakwenda. Akamwita mkwewe.

Mwaka akaweka kiganja chake, akatafuta, akapata, akatabasamu kwa kumwonea huruma mke wa mwanawe.

"Mama Chabu, usiogope. Iko bandama. Kila mutoto wa ku maji iko na bandama, homa njo inaikomalisha. Banangu bote balikuwa nayo, na leo bamekuwa bakubwa."

"Lakini mama, huyu hana homa. Ile homa ilimushika siku gani?"

"Homa ingine inapita usiku, mama yake analala."

Kwa haki, bibi huyu hakuwa mjinga. Ufuko ule ulikuwa wa mbu, na watoto wengi kweli walitembea na bandama lililovimba ubavuni kushoto, hata mama alilijua kama anavyojua meno ya mwanawe. Mtu akisema bandama, watu waliitikia kwa kichwa na kurudi kazini. Mwaka akamchanja Chabu chale ndogo ubavuni, akapaka dawa ya majani, na tangu hapo kila alipopata nafasi alimlaza mapajani, akachota mafuta ya mawese, akamkanda ili bandama lirudi mahali pake. Chabu alipenda kukandwa. Alicheka hadi akapaliwa.

Dorica hakutulia. Akambeba mtoto hadi zahanati moja iliyokuwa kando ya barabara, mwendo wa nusu siku, ambako mhudumu alikuwa kijana aitwaye Ackson, mwenye kaptula iliyopigwa pasi. Ackson aliwahi kufanya kazi Elisabethville na alipenda watu waujue huo uzoefu, kwa hiyo aliposikia lafudhi ya Dorica akamjibu kwa Kiswahili.

"Mutoto mugonjwa iko wapi, mama?"

"Njo ule, pale inje."

Ackson akachungulia uwanjani. Chabu alikuwa amempata jogoo wa zahanati na alikuwa akimkimbiza kuzunguka mti, akipiga kelele, shati likipepea. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walikuwa wakicheka.

"Ule anakimbiza kuku?" Ackson naye akacheka. "Mama, hapa kuko batu banakufa."

Hata hivyo alimwita, akamgusa juu ya shati, kidogo tu, akasema lilelile la Mwaka: bandama, malaria. Akatoa vidonge vichungu. Dorica akamwambia kitu hiki ni kigumu mno, na kinakua upesi, na mtoto anakonda mikono. Ackson alikuwa na foleni ndefu na jua lilikuwa kali. Hakumkemea, alimwambia kwa adabu:

"Bon, mama. Rudia na yeye siku ataugua."

Njiani Dorica alimtukana Ackson, mama yake Ackson, na pasi iliyonyoosha ile kaptula. Lakini alikuwa ametulia kidogo, tuseme ukweli. Watu wawili wasiojuana wamesema neno moja. Ukiambiwa na wengi kwamba usiku ni mchana unaanza kutafuta kofia. Akampa mtoto vidonge vyote, na uvimbe haukusikia.

Halafu mkojo ukawa mwekundu. Chabu mwenyewe ndiye aliyekuja kumwonyesha mama yake, kwa kujivuna, kwa kuwa wavulana wakubwa waliooga ziwani walikuwa wakishindana nani anakojoa damu. Kapembwa alikuwepo, akishona wavu pamoja na wenzake, na wote wakapiga makofi.

"Kichocho!" alisema Kapembwa. "Sasa eko mwanaume wa ku maji. Mi pia nilikojoa damu."

"Kapembwa, mutoto ana kintu ndani ya tumbo na sasa anakojoa damu, wewe unacheka?"

"Nilie juu ya nini? Nani hapa hakukojoa damu? Uliza hawa."

Akawauliza. Kweli, hakuna hata mmoja ambaye hakuwahi. Kichocho kilikuwa cha ziwa kama samaki walivyo wa ziwa, na baba asiyejua kichocho hakuwepo Mweru yote. Dorica akasimama katikati ya wanaume wale na wavu wao, mdomo wote huo hauna pa kuuma. Angesema nini? Tumbo lina jina, damu ina jina, kukonda nako Mwaka alikuwa amekwisha kukuita kurefuka. Akarudi kwa Ackson. Ackson akasema kichocho, akaanza kumpiga mtoto sindano, na kila baada ya sindano Chabu alitapika kutwa nzima. Sasa hakucheka tena sana. Alipokuwa haendi kwa Ackson alipenda kukaa karibu na moto wa chanja, mikono imekumbatia tumbo, akiwatazama wenzake.

Siku mambo yalipoharibika Dorica alikuwa sokoni. Mwaka, kwa kumwonea mjukuu huruma, aliamua bandama lile ni sugu na linataka nguvu. Akamlaza, akakanda, akasukuma kwa viganja viwili. Dorica alisikia kilio kabla hajafika nyumbani, na alikijua ni cha nani ingawa hakuwahi kukisikia hivyo. Alimkuta mtoto amekauka uso, rangi ya majivu, tumbo limekakamaa kama ngoma, jasho linamtoka. Mwaka alikuwa bado ameweka mikono.

"Toa mikono yako, mama," Dorica alisema.

"Mwanangu, mi nilikuwa..."

"Toa! Toa mikono yako ku mutoto wangu!"

Kumkemea mkwe hadharani ni jambo ambalo ukoo hukaa kikao kulizungumza. Dorica alilijua hilo alipokuwa akilisema. Kapembwa alikuwa amevuka na samaki kwenda Kilwa, ile ya ng'ambo ya ziwa, hapakuwa na wa kumwomba ruhusa, na asingemwomba. Akamfunga Chabu kifuani, akasimama katikati ya barabara mbele ya lori la samaki lililokuwa linaondoka kwenda kusini, dereva akachagua kati ya kumkanyaga na kumbeba. Walisafiri juu ya magunia. Kufikia hospitali ya wamisheni mtoto alikuwa anawaka homa na nguo ya Dorica ilikuwa imelowa mkojo wa damu.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kizungu, mzee kidogo, aliyesema Kibemba cha vitabu, kila neno likiwa limepanguswa vumbi. Aliosha mikono kwa maji ya moto ili isimshtue mtoto. Akaiweka juu ya tumbo mara moja, polepole, mkono mwingine chini kiunoni, akangoja Chabu avute pumzi. Kisha akaondoa mikono, akawaambia wauguzi kwamba kuanzia hapo mtu yeyote asiliguse tumbo hilo, akiwemo mama. Akamfunga mtoto kitambaa cha kupimia mkandamizo wa damu, akapima, akapima tena, kwa kuwa ulikuwa juu, wa mzee na si wa mtoto. Akauliza maswali yake. Nani aliyeuona uvimbe kwanza? Ulikuwa unauma? Mtoto alikuwa anakula, anacheza? Damu ilianza lini? Kuna mtu amelikanda?

Dorica akajibu yote. Kwa lile la mwisho alijibu kwa kuinamisha kichwa tu, ndiyo.

Daktari akamweleza bila kumficha, na kwa hilo Dorica alimheshimu. Hili si bandama, alisema. Bandama huteremka kutoka chini ya mbavu, na mtoto akipumua nalo hufuata. Hiki kimeota kwenye figo, kwa nyuma, na hakiendi popote. Ni ugonjwa wa watoto wadogo, wa umri huuhuu. Kwa kawaida ni mama anayeugundua, akiwa anamwogesha au anamvisha, na mtoto mwenyewe haumwi na chochote, anacheza kama wenzake. Tumbo ndilo linalosema. Damu kwenye mkojo huja kwa baadhi tu. Tutaitoa figo, na mtu anaweza kuishi na moja. Lakini uvimbe huu umekandwa, na naogopa umepasuka.

Kisha akasema, kwa huzuni na bila ubaya wowote: "Ungemleta alipokuwa bado anacheka."

"Nilimpeleka," Dorica akasema. "Alikuwa anacheka. Ndiyo sababu walinirudisha."

 Yule mwanamke akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatoka kwenda kutayarisha chumba.

Walimpasua, wakaitoa figo, na uvimbe ulikuwa umepasuka kweli. Chabu alipata nafuu kiasi cha kurudi nyumbani. Pakawa na siku nzuri, za kikatili kwa uzuri wake, akila ugali na kuwaonyesha watoto wengine kovu lake. Kisha ugonjwa ukapanda mapafuni, akaanza kukohoa, kikohozi kikavu kisichoisha, akapungua hadi akawa mwepesi kuliko alipokuwa akijifunza kutembea. Mvua za kwanza zilimkuta kaburini.

Kwenye matanga, mbele ya watu wa Kashikishi na wa ng'ambo waliovuka na mitumbwi, Dorica alifungua mdomo wake. Daktari alikuwa amesema anaogopa. Hakusema ana hakika, na alikuwa ameongeza kwamba uvimbe wa aina hiyo huweza kupasuka wenyewe. Dorica hakuyataja hayo. Alimnyooshea kidole Mwaka, akasema mikono ile ndiyo iliyomuua mwanangu. Watu wakashika vichwa. Kapembwa akasimama, akakaa tena.  Mwaka alitazama viganja vyake, akavigeuza, akavificha ndani ya nguo yake, na hakuna mtu aliyemwona tena akimshika mtoto wa mtu. Majuto ni mjukuu, husema watu, na kwa bibi yule halikuwa fumbo. Kabla ya mvua kuisha akarudi kwao, na mwanawe akamsindikiza. Mwanzoni Kapembwa alirudi kila baada ya safari. Baadaye safari zikawa ndefu, na Dorica hakuuliza.

Alifikiri kusema kutampunguzia. Hakukumpunguzia hata tone. Alimkumbuka Mwaka kwa hasira, na alimkosa, yote mawili kwa siku moja, na hakuna wa kumwambia.

Akabaki na tabia moja ambayo watu walianza kuinong'ona. Alipopita penye watoto wanaooga, macho yake yalikwenda kwenye matumbo. Wengine aliwaita, akawawekea mkono ubavuni, kwa upole, bila kubonyeza. Akina mama wakaanza kuwafunika watoto wao wakimwona. Mwanamke aliyezika wa kwake, ana nini cha kutafuta kwa wa wenzake? Ndivyo walivyouliza, na kila mtu anajua swali la namna hiyo linaelekea wapi.

Mutale hakumkimbia. Alikuwa jirani yake wa chanja, mzaliwa wa Mununga, na binti yake Jessy alikuwa wa umri uleule aliokuwa nao Chabu. Siku moja Jessy alikuwa amelala kwenye mapaja ya Dorica wakati wanawake wakigeuza samaki, na mkono wa Dorica ukakuta kitu kigumu, upande wa kushoto. Akasimama na mtoto mikononi.

"Mutale. Tunaenda hospitali."

"Lini?"

"Sasa. Acha samaki waungue."

Mutale akasema ni bandama tu. Hakuna neno baya zaidi ambalo angeweza kulichagua. Dorica akapiga kelele hadi ziwa likasikia, akalia, akatukana, akasimama tena mbele ya lori, na Mutale akapanda kwa kuogopa kumwacha mwanawe na mwendawazimu. Njia nzima Dorica alimkinga yule mtoto kwa mikono yake miwili asiguswe na gunia wala mtu, akiomba kwa sauti, na Mutale mwenyewe akaanza kuomba naye.

Alikuwa daktari yuleyule. Alimtambua Dorica. Akaosha mikono kwa maji ya moto, akaiweka, akamwambia Jessy avute pumzi. Akamwambia tena. Halafu akatabasamu.

"Hili ni bandama," alisema. "Malaria. Nitampa vidonge, na litarudi mahali pake."

Mutale alianza kumtukana Dorica kabla hawajatoka mlangoni. Alimtukana barabarani, alimtukana juu ya magunia, mchawi, kichaa, tasa, samaki wangu wote wameungua. Dorica alicheka. Mara ya kwanza tangu mazishi alicheka hadi mbavu zikamuuma, akisema nitukane, dada, nitukane tena, mtoto wako ni mzima.

Jessy alikuwa amelala kati yao, mdomo wazi, vidonge vimefungwa kwenye pindo la nguo ya mama yake. Dorica akamtazama kwa muda mrefu. Kicheko kikamwisha. Kilichokuja baada yake hakuwahi kumwambia mtu, hata kwenye maungamo: alimwonea Mutale wivu, wivu mchungu kama nyongo iliyopasukia ndani ya samaki, na kwa kitambo kidogo, lori likipanda mlima, alitamani daktari asingetabasamu.